Jibu Linakaa Wapi? Kuchagua Zana ya Kutafutia Habari Mtandaoni

"Google imesema." Kauli hiyo imekuwa ya kufungia mabishano, na siku hizi imepata pacha wake: "AI imesema." Akishaitamka mtu, wenzake hunyamaza, hata kama hakuna aliyesoma chochote. Lakini Google haikusema. Ilionyesha kurasa zilizoandikwa na watu wengine, na msomaji akaishia mistari miwili ya juu. AI ndiyo hasa iliyosema, tena kwa lugha iliyonyooka, ila aliyeuliza hakujua maneno hayo yametungwaje. Tangu majibu ya akili mnemba (ndiyo hiyo AI; wengine huiita akili unde) yaanze kuwekwa juu kabisa ya ukurasa wa matokeo, kuonyesha na kusema vimechanganyika kiasi kwamba hata wasomaji makini wanashindwa kuvitenganisha.

Upande wa pili wapo wanaosema, "Nimetafuta mtandaoni, hakuna." Hao ndio wanaoniuma zaidi, maana mara nyingi jibu lipo, tena la bure, ila walilitafuta mahali lisipokaa. Kabla ya kuuliza utumie zana gani kuna swali linalotangulia: jibu la jambo hili, kama lipo, litakuwa limeandikwa na nani, na ameliweka wapi? Ukishalijibu hilo, kuchagua zana kunakuwa kazi ndogo.

Tupange majina kwanza. Intaneti ni mtandao wenyewe: nyaya, minara, setilaiti na kompyuta zilizounganishwa dunia nzima. Wavuti ni kurasa zilizojengwa juu ya mtandao huo. Tim Berners-Lee aliipendekeza mwaka 1989 akiwa mtumishi wa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva, na tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikaitoa iwe mali ya kila mtu bila malipo. Kivinjari ni programu unayofungulia kurasa hizo: Chrome, Firefox, Safari. Injini ya utafutaji, kama Google, Bing au DuckDuckGo, ni huduma inayokuonyesha ukurasa unaohitaji uko wapi.

Chukua intaneti kuwa barabara, na wavuti kuwa nyumba zilizojengwa kandokando yake. Kivinjari ni gari lako, na injini ya utafutaji ni mwenyeji unayemuuliza njia. Anayetoka Chrome kwenda Firefox amebadilisha gari, lakini mwenyeji anayemuuliza anaweza kuwa yuleyule. Ndiyo maana majibu hayabadiliki. Wengi hawajui kwamba ndani ya mipangilio ya kivinjari mna sehemu ya kuchagua injini, na kwamba waliyonayo walichaguliwa na aliyetengeneza simu au kivinjari.

Sasa, mwenyeji huyo anajuaje njia? Unapobonyeza kitufe cha kutafuta, injini haiondoki wakati huo kwenda kuzunguka wavuti. Kazi hiyo ilishafanyika. Kuna programu ziitwazo buibui, ambazo usiku na mchana hufungua ukurasa, hunakili yaliyomo, hufuata viungo vyake (yale maneno ya kubofya) hadi ukurasa mwingine, na kuendelea hivyo hivyo. Yaliyokusanywa hupangwa katika faharasa, sawa na ile ya mwisho wa kitabu: neno huku, namba za kurasa kule. Unachopekua wewe ni faharasa hiyo. Google yenyewe hueleza kwamba yake ina mamia ya mabilioni ya kurasa.

Haikuanza hivyo. Mwaka 1990 Alan Emtage, mzaliwa wa Barbados aliyekuwa Chuo Kikuu cha McGill huko Montreal, alitengeneza Archie, iliyoorodhesha majina ya mafaili tu. Usipolijua jina la faili, ulikuwa umekwama. Mwaka 1994 Jerry Yang na David Filo, wanafunzi wa Stanford, walianzisha orodha ya tovuti iliyokuja kuitwa Yahoo, ambamo binadamu walizipanga kimada. Desemba 1995 ikaja AltaVista, iliyoweza kutafuta maneno ndani ya kurasa zenyewe. Hapo likazuka tatizo jipya: neno likipatikana katika kurasa laki moja, ipi itangulie?

Jibu la Larry Page na Sergey Brin, waliofungua kampuni ya Google mwaka 1998, lilikuwa kuhesabu kila kiungo kuwa ni pendekezo. Mgeni anayetafuta fundi akielekezwa na watu kumi kwa fundi mmoja, atamwendea huyo. Na kama mmoja wa wanaomwelekeza naye ni fundi anayesifika, neno lake lina uzito kuliko la mpita njia. Leo Google hutazama ishara nyingine nyingi, zikiwemo lugha yako, mahali ulipo na upya wa ukurasa, lakini wazo la mapendekezo bado limo.

Hapa ndipo dhana potofu ya kwanza inapoanguka: kwamba matokeo ya juu ndiyo ya kweli zaidi. Mpangilio ule hupima uhusiano wa ukurasa na maneno yako na jinsi unavyotajwa na wengine. Ukweli wenyewe mashine haina mzani wa kuupimia. Tena nafasi za juu kabisa mara nyingi zimelipiwa, na kinachokujulisha ni neno dogo tu juu ya kiungo. Walaghai wanalijua hilo. Hulipia tangazo lenye jina la benki au shirika la ndege, wakaweka namba yao ya simu, na anayetafuta "huduma kwa wateja" kwa haraka akampigia mwizi mwenyewe. Kwa jambo lolote linalogusa fedha au neno la siri, usipitie matokeo ya utafutaji. Andika anwani ya tovuti kwa mkono wako, au tumia namba iliyoko nyuma ya kadi yako.

Dhana ya pili ni kwamba kisichoonekana Google hakipo. Buibui hawaingii kila nyumba. Hawaingii panapohitaji neno la siri. Mwenye tovuti anaweza kuwazuia kwa faili dogo liitwalo robots.txt, utaratibu uliopo tangu 1994. Na hifadhidata nyingi hutoa ukurasa pale tu unapojaza fomu yao. Buibui hawajui kujaza fomu hiyo kama wewe. Rekodi za maktaba, takwimu, kumbukumbu za magazeti ya zamani: sehemu kubwa ya hayo imo mle. Watu wakisikia kuna "wavuti iliyofichika" hufikiria mara moja soko la wahalifu. Eneo hilo la siri lipo, lakini ni kipande kidogo. Kilichofichika kwa wingi ni vitu vya kawaida kabisa, kuanzia barua pepe zako hadi katalogi ya chuo.

Kuhusu injini ipi ni bora, sioni haja ya ubishi mrefu. Kilicho muhimu ni kujua undugu wao. DuckDuckGo, iliyoanzishwa mwaka 2008, huchukua sehemu kubwa ya matokeo yake kutoka Bing ya Microsoft. Startpage kwa miaka mingi imetumia ya Google. Kwa hiyo anayetafuta Bing kisha akathibitisha kwa DuckDuckGo amewauliza mashahidi wawili waliosikia habari kwa mtu mmoja. Sifa ya hizo ndogo ni faragha: hazikutengenezei kumbukumbu ya uliyoyatafuta. Na kwa kuwa tumegusa faragha, ile hali ya kuvinjari kwa siri haikufichi kama wengi wanavyodhani. Inazuia tu kifaa chako kisihifadhi historia ya kipindi hicho. Kampuni inayokuuzia intaneti, mwajiri wako ikiwa unatumia mtandao wa kazini, na tovuti unazozitembelea, bado wanaweza kukuona.

Kabla ya kuilaumu injini, angalia ulichoiandikia. Mtu akiandika "kwa nini maji baridi baada ya chakula yanaleta saratani", ameshahukumu kabla ya kuuliza, na injini itamtafutia kurasa zenye maneno hayo hayo, yaani za waliokwisha kuamini. Akiandika "maji baridi saratani ushahidi", anafungua mlango kwa pande zote mbili. Njia ninayoipenda ni kujifikiria mimi ndiye mwandishi wa ukurasa ninaoutafuta: ningetumia maneno gani? Daktari hataandika "mwili kuchoka choka". Ataandika "uchovu wa muda mrefu" au "upungufu wa damu".

Alama chache nazo hufanya kazi ya ajabu. Maneno yakiwekwa ndani ya alama za kunukuu, injini hutafuta yakiwa yamefuatana vivyo hivyo, jambo linalofaa sana kwa nukuu na majina ya watu. Alama ya kutoa iliyoshikana na neno hulitupa nje neno hilo. Lakini iliyonisaidia kuliko zote ni kuibana injini ibaki ndani ya tovuti moja. Tuseme unataka takwimu za malaria duniani, na kila unapotafuta unapata magazeti yanayonukuu magazeti. Shirika la Afya Duniani hutoa ripoti ya malaria kila mwaka, na tovuti yake ni who.int. Andika hivi: site:who.int malaria filetype:pdf. Usiache nafasi baada ya nukta mbili. Kwa mstari huo mmoja umewafungia nje wapambe wote, na injini inakuletea nyaraka za shirika lenyewe katika muundo wa PDF, ndiko ripoti kamili zinakokaa. Mbinu hiyo inafaa kwa sheria, kwa bajeti, kwa hotuba, kwa chochote ambacho mwenyewe aliyekitoa ana tovuti.

Na lugha. Jambo hili linamhusu kila anayesoma Kiswahili. Wikipedia ya Kiingereza ilizaliwa Januari 2001 na ina makala zaidi ya milioni 6. Ya Kiswahili ilianza 2003 na bado ni ndogo mno ikilinganishwa nayo. Ukitafuta mada ya kitaalamu kwa Kiswahili ukapata kurasa nne dhaifu, hujafika mwisho wa elimu ya mada hiyo. Umefika mwisho wa kilichoandikwa kwa lugha hiyo. Tafuta tena kwa Kiingereza, Kifaransa au Kiarabu, kisha tumia programu ya kutafsiri kusoma. Kinyume chake pia ni kweli: ushairi, msamiati na historia ya lugha yetu vitafute kwa Kiswahili chenyewe, maana kwa lugha nyingine utapata muhtasari wa muhtasari.

Tuje kwenye zana zinazosema. Programu za mazungumzo kama ChatGPT, iliyotolewa tarehe 30 Novemba 2022, hazikubuniwa kama faharasa. Zimesomeshwa maandishi mengi mno hadi zikajua neno gani huelekea kufuata jingine, na kwa ujuzi huo zinatunga jibu jipya. Fikiria mtu aliyesoma maktaba nzima zamani, sasa anakusimulia kwa kumbukumbu bila kitabu mkononi. Mengi atapatia. Pale aliposahau hatanyamaza. Atajaza pengo kwa kitu kinachofanana na kweli, na sauti yake haitatetereka.

Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York waliwasilisha mahakamani hoja iliyotaja kesi za awali ambazo hazikuwahi kuwepo. Zilitungwa na ChatGPT, pamoja na majina na nukuu. Mmoja wao alieleza kwamba alidhani programu hiyo ni kama injini kubwa ya utafutaji. Jaji akawatoza faini ya dola 5,000. Ninalirudia tukio hili kila nipatapo nafasi, kwa sababu watu hao hawakuwa wajinga. Walichagua zana inayosema kwa kazi iliyohitaji zana inayoonyesha.

Programu nyingi sasa zimeongezewa uwezo wa kutafuta kwenye wavuti kwanza, kisha kufupisha zilichokuta na kuweka viungo. Hilo limesaidia, lakini ufupisho hauwezi kuwa bora kuliko kilichofupishwa. Mei 2024 muhtasari wa akili mnemba wa Google ulimshauri mtu achanganye gundi kwenye piza ili jibini isiteleze. Chanzo kilikuwa mzaha ulioandikwa miaka mingi nyuma kwenye Reddit, jukwaa la mijadala mtandaoni. Viungo vipo ili uvifungue. Fungua angalau kimoja, na uhakikishe kwamba kinasema kile muhtasari ulichodai kinasema. Utashangaa ni mara ngapi hakisemi.

Je, tuziache? Hapana, zina kazi moja ambayo injini za zamani hazikuiweza vizuri: kukupa jina la kitu usichojua kinaitwaje. Nikuonyeshe kwa mfano mmoja. Mtu anaamka asubuhi, hatua yake ya kwanza kitandani kisigino kinachoma kama msumari, na baada ya kutembea kidogo maumivu yanapungua. Atafute nini? Akieleza hali hiyo kwa programu ya mazungumzo jinsi ilivyo, huenda miongoni mwa yatakayotajwa likawemo jina plantar fasciitis, maumivu yatokanayo na kuumia kwa ukanda mgumu wa tishu ulio chini ya unyayo. Jibu hilo halimpi tiba, wala halichukui nafasi ya daktari. Linampa neno. Na neno hilo ndilo ufunguo wa mlango mwingine.

Mlango huo ni maktaba maalumu. Kwa tiba ipo PubMed, inayotunzwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, iliyo wazi kwa umma tangu 1996 na yenye rekodi zaidi ya milioni 35 za tafiti. Anayeanza aandike neno lake kisha achuje apate tathmini zinazojumlisha tafiti nyingi, asiishie kwenye utafiti mmoja wa watu ishirini. Kwa taaluma zote kwa jumla ipo Google Scholar, tangu 2004. Ukikuta makala inauzwa, bofya palipoandikwa matoleo yote chini yake, maana mara nyingi mwandishi ameweka nakala ya bure kwenye tovuti ya chuo chake. Kuna DOAJ, saraka ya majarida yanayosomwa bila malipo, na arXiv, ambako wanafizikia na wanahisabati huweka kazi zao tangu 1991, nyingine zikiwa hazijapitiwa na wenzao. Takwimu za nchi zitafute Benki ya Dunia, iliyofungua data zake bure mwaka 2010. Wikipedia nayo ni mahali pazuri pa kuanzia, hasa sehemu ya chini kabisa ya makala, penye orodha ya vyanzo. Wengi huishia aya ya kwanza, ilhali hazina iko huko chini.

Picha zina njia yake. Mafuriko yakitokea popote, huzuka picha ya papa akiogelea katika barabara kuu, imepigwa kutoka dirishani mwa gari. Ilisambaa mwaka 2011 ikidaiwa ni Puerto Rico baada ya kimbunga Irene; mwaka 2017 ikarudi ikidaiwa ni Houston wakati wa kimbunga Harvey. Papa yule ni mmoja. Alikatwa kutoka picha halisi ya mpigapicha Thomas Peschak, ya papa mweupe akimfuata mtu ndani ya mtumbwi mdogo katika bahari ya Afrika Kusini, iliyochapishwa mwaka 2005. Maneno hayakusaidii hapa, kwa kuwa maneno yanayoandamana na picha ndiyo yaliyotiwa uongo. Ipeleke picha yenyewe kwenye zana inayotafuta kwa picha, kama TinEye au Google Lens. TinEye inakuruhusu kupanga matokeo kuanzia la zamani zaidi. Picha inayodaiwa ni ya jana ikionekana miaka sita iliyopita, kazi yako imekwisha. Pale zana hiyo isipokuta kitu, usichukulie kuwa picha ni ya kweli. Huenda ni mpya, au imetengenezwa na akili mnemba na haijawahi kupita popote.

Limebaki jambo la ukurasa uliokufa. Unafungua kiungo, unaambiwa hakuna kitu hapo, au habari uliyoisoma wiki iliyopita imebadilishwa kimyakimya. Internet Archive, shirika lisilo la kibiashara lililoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996, limekuwa likihifadhi nakala za wavuti, na tangu 2001 mtu yeyote anaweza kuzifungua kupitia Wayback Machine katika web.archive.org. Bandika anwani ya ukurasa, itokee kalenda, chagua tarehe yenye alama. Pia pana kisanduku cha kuhifadhi ukurasa sasa hivi. Ukiona tangazo, ahadi au tamko ambalo unahisi siku moja litakanushwa, liingize humo kabla hujalisambaza kwa wenzako, kisha wape anwani ya nakala hiyo, yenye siku na saa yake.